MZIGO UNA KIBALI, MCHUKUZI HANA JINA



Mzigo mkubwa kupita kiasi hausafiri kiholela katika nchi yetu. Transfoma au mtambo mzito ukishushwa katika bandari ya Dar es Salaam, haupaswi kutoka langoni mpaka mwenye mzigo awe na kibali maalumu. Urefu wake hupimwa, na upana, na kimo, na uzito. Ekseli za tela litakaloubeba huhesabiwa. Njia huangaliwa kabla ya safari, ili ijulikane ni daraja lipi litahimili na ni waya upi wa umeme utakaopaswa kuinuliwa. Siku ya safari gari la kuongoza hutangulia, askari wa usalama barabarani hufuatana na msafara, na sisi wengine wote husimama kando kuupisha.

Mizigo ya namna hiyo tumeiona kwa wingi katika miaka ya karibuni, hasa ile ya Bwawa la Kuzalisha Umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini Desemba 2018. Mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilipaswa kufikishwa porini, mahali palipolindwa, ili taifa lipate jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikawa imekamilika. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Umeme ni mali ya wote, na kipimo cha mzigo ni ulinzi wa barabara ambayo nayo ni mali ya wote.

Swali letu ni jingine. Taifa linalojua kupima mzigo usije ukavunja daraja, kwa nini halipimi mzigo usije ukavunja mgongo wa mtu? Mwendo mfupi kutoka lango la bandari liko eneo la Kariakoo. Humo, katika Mtaa wa Kongo, Mkunguni, Swahili na Narung'ombe, mizigo iliyozidi kiasi hupita kila siku, alfajiri hadi usiku. Hakuna kibali, hakuna mizani, wala gari la kuongoza. Tela ni bega la kijana, na ekseli ni magoti yake mawili.

I. JINA LA KARIAKOO LINATUSHTAKI

Wengi wetu hulitamka jina la Kariakoo bila kukumbuka asili yake. Ni jina la wabeba mizigo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, eneo lile liligeuzwa kuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi wa jeshi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa mwenyeji ukalainisha jina hilo, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo.

Wachukuzi wale walikuwa akina nani? Walikuwa wakulima, wavuvi na wafugaji waliokusanywa kwa amri kutoka vijijini mwao, katika Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, ili wabebe risasi, unga na mahema ya vita ambayo hawakuianzisha wala hawakuwa na faida nayo. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Magari yalikwama matopeni. Likabaki bega la Mwafrika. Kwa makadirio ya wanahistoria, upande wa Waingereza peke yake uliwatumia watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wapo wataalamu wanaoifikisha hesabu hiyo kwenye laki moja au zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi na chakula kibovu. Huko Ugogo, ambako nguvu kazi na chakula vilichukuliwa kwa ajili ya vita, ilizuka njaa ambayo wazee waliiita Mtunya.

Na ujira wao? Mchukuzi aliyekufa njiani aghalabu hakuwa na karatasi iliyoonyesha kijiji chake na ndugu zake. Kwa hiyo mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia wajane na yatima wao, na fedha zile zikabaki mikononi mwa serikali iliyowatumikisha. Ona jinsi dhuluma inavyofanya kazi: kwanza mtu hanyimwi fedha, bali hunyimwa jina. Likiisha kupotea jina, fedha hupotea zenyewe, wala hapatikani wa kushtakiwa.

II. MIZINGA YA RUFIJI

Kuna kisa kingine cha vita ile ambacho chatuhusu sana, kwa kuwa mizigo yake ilipita katika nchi ile ile ya Rufiji, ila ilielekea upande wa pili.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baada ya hapo injini yake iliharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji. Vyuma vya injini vilivyoharibika vilichukuliwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915 meli za Waingereza ziliishambulia huko huko mafichoni hadi ikaangamia. Lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana ya reli, na kutoka hapo ikatawanywa katika ngome za nchi nzima.

Mizinga ya manowari haikuundwa isafiri njia ya miguu. Safari ile ilikuwa ya zaidi ya kilomita mia, katika tope, mchanga na vichaka. Mamia ya watu walifungwa kwenye kamba kuivuta. Huo ndio mzigo mkubwa kupita kiasi, uliopelekwa mahali penye ulinzi mkali, kwa nguvu za watu ambao hawakuulizwa.

Leo mizinga ile ina heshima. Mmoja umehifadhiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Watalii hupiga picha. Wataalamu wameandika historia ya kila mzinga, umepigana wapi na umetekwa lini. Nahodha wa meli twamjua, ni Max Looff. Waliovuta kamba hatumjui hata mmoja.

Nenda pia kwenye Sanamu ya Askari katika Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wachukuzi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi walichonga watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Katika mji wetu, ambao mtaa wake mashuhuri kuliko yote unaitwa kwa jina la wachukuzi, mchukuzi hana hata sura.

III. LUMBESA JUU YA BEGA

Yupo atakayesema: hayo ni ya wakoloni, nasi tumejitawala tangu mwaka 1961. Vema, na tuitazame Kariakoo yetu wenyewe.

Soko Kuu lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Lilikuwa fahari ya nchi huru, na paa lake la miavuli ya zege lilijulikana mbali. Liliungua Julai 2021 na mwaka mmoja kabla haujaisha mipango ya kulijenga upya ilikuwa imekwisha tangazwa, kwa kuwa taifa lilitambua kwamba soko lile ni moyo wa biashara. Mizigo yake huenda Mbeya na Mwanza, na hata Lubumbashi, Lusaka na Moroni. Maduka yamepanda ghorofani, na mabelo ya mitumba, marobota ya vitenge, majiko, vioo na magunia hupandishwa ngazi kwa ngazi. Mitaa imejaa hata gari dogo halipiti. Kwa hiyo, kati ya lori na duka, na kati ya duka na basi, yupo mtu. Humwita kuli, mpagazi, au kijana wa mkokoteni. Mwenye nguvu zaidi hukodi guta. Asiye na kitu huweka ngata kichwani.

Na gunia analobeba ni lipi? Mara nyingi ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomo, kisha likashonewa kilemba juu. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi, na kanuni za vipimo zataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Katazo hilo lilitokana na kilio cha mkulima, anayepunjwa kwa kuuza gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Kilio hicho ni cha haki nasi twakiunga mkono. Lakini angalieni: katika mjadala wote wa lumbesa, tumesikia habari za mkulima, mnunuzi, dalali na mapato ya halmashauri. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza, gunia hilo linashushwa na nani?

Na hata gunia la halali la kilo 100 si mzigo wa mtu mmoja. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba Namba 127, unaokataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mwanamume mzima asipitishwe. Gunia la halali la Kariakoo ni karibu mara mbili ya kiwango hicho.

Tulinganishe na zamani. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora, alibeba kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Jeshi la mkoloni katika vita ya 1914 hadi 1918 lilihesabu mzigo wa mchukuzi kuwa kati ya kilo 25 na 30. Ni kweli kwamba wale walitembea kutwa nzima kwa wiki na miezi, na wa leo huenda mtaa mmoja au miwili, kisha hurudi kuchukua mwingine. Wala hatuwasifu waliowaua wachukuzi kwa njaa. Tunachosema ni kwamba hata dhalimu yule alikuwa na kipimo cha mzigo. Sisi tulio huru hatuna.

Linganisheni tena na barabara. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, yaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na yataja uzito wa kila kundi la ekseli. Ipo mizani, wapo wakaguzi, ipo faini. Lami ikipasuka tutajenga nyingine. Mgongo wa mtu ukipasuka, nani atajenga mwingine?

IV. HOJA ZA WANAOTUPINGA

Hoja ya kwanza husema: ni kazi ya hiari, asiyeitaka aiache. Hiari ni neno zuri, lakini lina masharti. Kijana aliyetoka Mtwara, Singida au Kigoma bila shamba na bila cheti, anayelala njaa siku asiyobeba, hachagui kati ya kilo 100 na kilo 50. Huchagua kati ya kilo 100 na njaa. Mwenye duka akimwambia panda ghorofa ya nne kwa bei hii au nimwite mwingine, hayo si mapatano ya watu wawili walio huru. Baba Mtakatifu Leo XIII alilifundisha jambo hili katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891: makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, ikiwa mmoja amekubali kwa kubanwa na shida. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi.

Hoja ya pili husema: mkiweka kipimo na bei, bidhaa zitapanda. Huenda zikapanda kidogo. Lakini tuulize, unafuu wa sasa unalipwa na nani? Unalipwa na kiuno cha kijana wa miaka 25 ambaye akifika 40 hawezi tena kuinama, na hapo hurudi kijijini kuwa mzigo wa mama yake mzee. Gharama haijaondoka. Imehamishwa kutoka kwenye daftari la mfanyabiashara hadi kwenye kibanda cha maskini, ambako hakuna mkaguzi wa hesabu.

Hoja ya tatu husema: watu hawa wanachafua jiji, mikokoteni yao inaziba njia, dawa ni kuwafukuza. Waulizeni wasemao hivyo, mizigo ya maduka yao itafikaje dukani siku hiyo. Jiji linamhitaji mchukuzi asubuhi na kumkimbiza mchana. Huo si mpango wa mji.

Hoja ya nne ni ya watu wema zaidi, nao husema: mashine zitakuja, tatizo litaisha lenyewe. Tunazikaribisha mashine. Lakini bandari yetu ina kreni kubwa kwa miaka mingi, na lori zimejaa mjini, na bado katika kila mwisho wa safari ya mashine anasubiri mtu. Mashine haiondoi haja ya haki. Hubadilisha tu mahali ambapo haki itahitajika.

V. NYUMA YA LANGO LENYE ULINZI

Kuna mahali ambapo hatari ya mchukuzi ni kubwa zaidi, napo ni nyuma ya malango yanayolindwa: yadi za makontena, maghala, na maeneo mengine yasiyoingiwa na kila mtu. Hatupingi ulinzi. Mali ya taifa na ya watu yapaswa kulindwa, na zipo sehemu ambazo si halali kila mpita njia kuingia. Lakini ulinzi wa mali usigeuke kuwa giza la kufichia madhara ya watu.

Fikirini kibarua aliyeokotwa mtaani na utingo wa lori ili akasaidie kushusha vyuma ndani ya eneo lililofungwa. Langoni huonyesha kitambulisho, hukaguliwa mifuko, tena hukaguliwa zaidi wakati wa kutoka. Mzigo una hati tatu au nne. Yeye hana hata moja inayosema ameajiriwa na nani, kwa ujira gani, kwa saa ngapi. Chuma kikimwangukia mguuni, mwenye lori atasema ni mtu wa mwenye mzigo, mwenye mzigo atasema ni mtu wa mwenye lori, na mwenye eneo atasema huyu hatumfahamu. Ndugu zake hawaruhusiwi kuingia kuangalia, na mashahidi ni wale wale wanaoogopa kukosa kibarua cha kesho.

Sheria tunazo. Ibara ya 22 ya Katiba yetu yatambua haki ya kufanya kazi, na ibara ya 23 haki ya kupata ujira unaolingana na kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa aliyeumia kazini. Lakini milango ya sheria hizo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni neno mwajiri. Aliyebebeshwa mzigo na watu watatu, asiwe wa yeyote kati yao, hubaki nje ya milango yote.

VI. YALE TUNAYODAI

Tukisema mambo ya jumla tutasifiwa na hakuna litakalobadilika. Kwa hiyo tunataja madai yetu moja moja.

1. Kipimo. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam itunge sheria ndogo ya kuweka ukomo wa uzito wa mzigo abebao mtu mmoja katika masoko yake, na bidhaa zipakiwe kwa kufuata kipimo hicho. Saruji yauzwa kwa mfuko wa kilo 50. Kama saruji imewezekana, viazi, vitunguu na vitenge havishindikani.

2. Jina. Kila mchukuzi wa Kariakoo aandikwe katika daftari la chama au ushirika wake mwenyewe, kwa jina kamili, mahali atokapo na ndugu wa kuitwa akipatwa na neno. Daftari hilo lisiwe mtego wa ushuru. Liwe ulinzi wake, ili yaliyowapata wachukuzi wa 1917 yasirudiwe.

3. Bei ya wazi. Bei ya chini ya kubeba, kwa uzito na kwa ghorofa, ikubaliwe na wafanyabiashara pamoja na wachukuzi, na ibandikwe ubaoni ambapo kila mtu ataisoma.

4. Karatasi ya langoni. Mtu asiingizwe katika eneo lenye ulinzi kufanya kibarua cha kupakia au kushusha bila karatasi inayomtaja mwajiri wake wa siku hiyo na ujira wake. Mlinzi anayesoma hati ya mzigo asome na hati ya mtu.

5. Fidia. Mfuko wa fidia na hifadhi ya jamii utafutiwe njia ya kumfikia asiye na mwajiri mmoja, kwa mchango mdogo unaotozwa juu ya mzigo wenyewe. Mzigo ndio unaoumiza, na mzigo ndio wenye fedha.

6. Kumbukumbu. Katika Kariakoo pawekwe alama ya kuwakumbuka wachukuzi waliolipa eneo hilo jina lake.

Msidhani haya ni ndoto. Mwezi Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam, watu wa vibarua vya siku, waligoma kwa umoja. Mgomo ukapanda na njia ya reli hadi miji ya bara, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuongeza mishahara. Waliodharauliwa kuwa makuli wakawa miongoni mwa waanzilishi wa vyama vya wafanyakazi katika nchi hii. Na mwezi Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa malalamiko ya kodi, Waziri Mkuu alikwenda kuwasikiliza. Ilikuwa haki. Tunachouliza ni nani atakayekwenda siku mchukuzi atakapoegesha mkokoteni wake.

VII. PAROKIA NAYO IANZE

Bwana wetu aliwakemea waliofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, nao wenyewe hawakutaka kuigusa hata kwa kidole. Maneno hayo hayakuambiwa wapagani. Waliambiwa watu wa dini. Basi kabla hatujaenda kwa Meya, twende kwa mweka hazina wa parokia. Saruji ya kanisa jipya, viti vya ukumbi, vyakula vya sikukuu ya somo: nani huvibeba, kwa uzito gani, kwa bei gani, na je, hulipwa siku ile ile kama Torati ilivyoamuru kabla ya jua kuchwa? Wafanyabiashara waliomo katika kwaya zetu na kamati zetu wasisubiri sheria ndogo ya halmashauri. Wanaweza kugawa mzigo kesho asubuhi.

Tena tukumbuke Simoni wa Kirene. Naye alikamatwa njiani na askari, akalazimishwa kubeba mzigo usiokuwa wake kwenda mahali palipolindwa na jeshi. Dola la Kirumi halikuwa na sababu ya kuandika jina lake. Injili iliandika. Marko hata akataja majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Kanisa la kwanza lilijua mchukuzi yule ni nani, anatoka wapi, na watoto wake ni akina nani. Hilo ndilo tunaloidai Dar es Salaam kwa ajili ya kila mchukuzi wa Kariakoo, na twaanza kwa kulidai katika parokia zetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu kuna nani anayeishi kwa kubeba mizigo? Tunalijua jina lake kamili na kwao?

2. Mara ya mwisho tulipompa mtu mzigo Kariakoo, nani alipanga bei? Uzito wake ulikuwa kilo ngapi?

3. Parokia yetu inapojenga au kuandaa sikukuu, vibarua huandikwa majina? Akiumia mmoja, nani atamtibu?

4. Tuchague watu wawili wa kwenda kuwasikiliza wachukuzi sokoni, na kuleta taarifa katika kikao kijacho kabla hatujawasemea lolote.